NDEGE ANYAMAZAPO
Ugonjwa, kinga ya mwili na ulinzi wa himaya

Katika vijiji vya Kisarawe na Kibaha siku huanza kwa sauti. Kabla ya mwanga kuonekana upande wa mashariki, jogoo mmoja huwika. Wa jirani hujibu, na wa tatu huitika kutoka ng'ambo ya shamba la mihogo. Baadaye kidogo shore huanza kuimba juu ya mwembe, na dudumizi, ambaye wengine humwita tipitipi, hutoa mlio wake mzito kama maji yamiminwayo kutoka katika mtungi. Mwenye nyumba hazihesabu sauti hizi, lakini sikio lake limezizoea. Siku jogoo wake asipowika, yeye hutambua upesi kwamba pana jambo. Hufungua banda kabla ya kuwasha moto, na aghalabu humkuta jogoo amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, macho yamefumba nusu, na mtama aliomwagiwa haukuguswa. Yamkini baada ya siku chache banda zima likawa tupu.

Kwa nini ndege mgonjwa hunyamaza? Jibu la haraka ni kwamba hana nguvu. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba ukimya wa ndege mgonjwa kwa sehemu kubwa huamriwa na ubongo wake mwenyewe. Ukimya huo ni sehemu ya vita ambavyo mwili unapigana dhidi ya vijidudu. Tena ni vita vyenye gharama, kwa kuwa ndege anyamazapo huweza kupoteza mahali anapoishi. Makala haya yanaeleza namna mambo hayo matatu, yaani ugonjwa, wimbo na himaya, yanavyofungamana. Na yanaonyesha faida ya elimu hiyo kwa mfugaji wa kuku na kwa mtunza misitu.

WIMBO NI UKUTA

Ndege hana koo la sauti kama la binadamu. Chombo chake cha sauti huitwa sirinksi, nacho kipo mahali bomba la pumzi linapogawanyika kwenda katika mapafu mawili. Hewa inapopita hapo, ngozi nyembamba hutikisika na kutoa sauti, huku misuli midogo ikizikaza na kuzilegeza ngozi hizo. Kazi hiyo hutaka pumzi, misuli yenye afya, na ubongo unaoongoza kila kitu kwa wakati wake.

Hapa hapana budi kutenganisha mambo mawili. Kuwika kwa jogoo si kitu cha kujifunza. Kifaranga aliyelelewa peke yake atawika vilevile akikua. Lakini shore, chozi na ndege wengine wengi wa kundi la ndege waimbao hujifunza nyimbo zao wakiwa wachanga kwa kuwasikiliza wakubwa, kama mtoto ajifunzavyo lugha. Hata hivyo kazi ya sauti zote mbili ni moja kwa sehemu kubwa: kuwavuta majike na kuwaonya mahasimu.

Onyo hilo ndilo linalohusu himaya. Himaya ni eneo ambalo ndege hulilinda dhidi ya wenzake wa aina yake, kwa ajili ya chakula, kiota au mwenzi. Kupigana kila siku mpakani kungemchosha na kumjeruhi, kwa hiyo huimba. Mtaalamu wa Uingereza, John Krebs, alilithibitisha jambo hili kwa jaribio alilolitangaza katika miaka ya 1976 na 1977. Katika msitu mmoja karibu na Oxford aliwaondoa madume wa ndege wadogo waitwao Parus major kutoka katika himaya zao. Katika baadhi ya himaya zilizoachwa wazi aliweka vipaza sauti vilivyotoa nyimbo za ndege hao. Katika nyingine aliweka vipaza sauti vilivyotoa mlio wa filimbi tu. Na nyingine aliziacha kimya. Madume wengine walizivamia kwanza himaya zilizokuwa kimya pamoja na zile za filimbi. Himaya zenye nyimbo zilichelewa kuvamiwa, ingawa hazikuwa na mwenyewe. Wimbo peke yake ulikuwa kama ukuta.

Si madume tu wanaojenga ukuta huo. Katika nchi za joto, majike wa aina nyingi za ndege huimba pia. Mfano mashuhuri umechunguzwa hapa Tanzania, katika mbuga za Usangu, mkoani Mbeya. Huko Wolfgang Goymann na wenzake walimchunguza dudumizi mweusi, Centropus grillii, na mwaka 2004 wakaeleza kwamba kwa ndege huyu jike ndiye anayeimba na kulinda himaya, na huweza kuwa na madume kadhaa, ambapo dume huatamia mayai na kulisha makinda peke yake. Kwa hiyo mwanafunzi asidhani kwamba kila sauti aisikiayo kichakani ni ya dume.

Iwapo wimbo ni ukuta, basi ndege anayenyamaza amebomoa ukuta wake. Kwa nini mwili wake umwamuru kufanya hivyo?

JESHI LA NDANI

Ndege, kama binadamu, ana kinga ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kuzaliwa nayo: ngozi, utando wa pua na utumbo, na chembechembe nyeupe za damu zinazomeza kijidudu chochote kigeni pasipo kuuliza ni cha aina gani. Ya pili hujengwa baada ya mwili kukutana na kijidudu fulani. Kinga hii hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomtambua adui mmoja mahsusi, na huweka kumbukumbu yake kwa siku za usoni. Chanjo hutegemea aina hii ya pili.

Si watu wengi wajuao kwamba siri ya kingamwili ilifunuliwa na kuku. Juu ya mlango wa nyuma wa kuku mchanga kuna kifuko kidogo kiitwacho bursa ya Fabricius, kwa jina la mwalimu wa elimu ya maumbile wa Padua, Italia, aliyekieleza zamani. Kwa karne nyingi hakuna aliyejua kazi yake. Katika miaka ya 1950, huko Ohio, Marekani, Bruce Glick aliwatoa kuku kadhaa kifuko hicho. Mwenzake, Timothy Chang, alihitaji kuku wa kuwaonyesha wanafunzi wake namna kingamwili zinavyotengenezwa, akapewa baadhi ya kuku hao. Alipowadunga vijidudu vya Salmonela, somo liliharibika: kuku waliotolewa bursa hawakutengeneza kingamwili. Badala ya kulitupa jaribio hilo, waliuliza sababu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1956 katika jarida la ufugaji wa kuku, na wataalamu wa tiba ya binadamu hawakuyatilia maanani kwa miaka kadhaa. Leo chembechembe zitengenezazo kingamwili, hata ndani ya mwili wa binadamu asiye na bursa, huitwa seli B, na herufi hiyo ilitokana na bursa ya kuku. Mwalimu ambaye jaribio lake darasani limekwenda kombo na aikumbuke habari hii.

Turudi kwenye kinga ya kwanza, maana ndiyo inayomnyamazisha ndege. Chembe nyeupe inapommeza adui hutoa kemikali za kupeleka habari ziitwazo saitokini. Hizi husafiri katika damu au kuchochea mishipa ya fahamu, na habari ikafika katika ubongo. Ubongo ukiipokea hubadili mambo mengi kwa pamoja: joto la mwili, hamu ya chakula, usingizi, na hamu ya kukutana au kushindana na wengine. Ndege huacha kula, hujikunyata, husinzia, huacha kujisafisha manyoya, wala haimbi. Hali hii wataalamu huiita tabia ya ugonjwa.

TABIA YA UGONJWA SI KUSHINDWA

Zamani wengi walidhani kwamba dalili hizo ni uharibifu uletwao na vijidudu. Mwaka 1988 Benjamin Hart, mwalimu wa tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha California, alitoa hoja nyingine. Alisema kwamba dalili hizo ni mpango uliopangwa na mwili wenyewe. Homa huwatatiza bakteria wengi, lakini kuipandisha hugharimu nguvu nyingi. Kwa hiyo mwili hufunga matumizi mengine yote, kama kaya inayokabiliwa na njaa iachavyo sherehe na safari. Mnyama asiyetembea hapotezi joto, wala haonekani ovyo na mwewe.

Hoja ya Hart iliegemea majaribio ya awali. Mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake waliwaambukiza bakteria mijusi wa jangwani, viumbe ambao joto la mwili wao hufuata joto la mahali walipo. Waliwagawa katika vyumba vya joto mbalimbali, kuanzia nyuzi 34 hadi 42 za Sentigredi. Mijusi waliokaa penye joto kubwa walipona kwa wingi zaidi kuliko waliokaa penye baridi. Homa, basi, ni silaha. Na mapumziko ndiyo yanayoilipia.

Hata hivyo ilibaki shaka moja. Ndege mgonjwa ana mambo mawili mwilini kwa wakati mmoja: kijidudu kinachomdhuru, na kinga inayopigana. Ni kipi kati ya hivyo kinachomnyamazisha? Ili kujua, ilibidi kuviachanisha.

JARIBIO LA WASHINGTON

Noah Owen-Ashley na John Wingfield walifanya hivyo katika jimbo la Washington, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Ndege wao alikuwa Melospiza melodia, ndege mdogo wa kahawia anayefanana na shomoro, ambaye madume wake huko hulinda himaya karibu mwaka mzima. Madume walikamatwa porini, wakadungwa, wakaachiliwa. Kundi moja lilidungwa lipopolisakaridi, kemikali itokayo katika ukuta wa bakteria fulani. Kemikali hii si kijidudu hai, haizaliani wala haiambukizi. Lakini kinga ya mwili ikiiona hudhani kwamba bakteria wameingia, nayo huanza vita. Kundi la pili lilidungwa maji ya chumvi tu, ili kuwa kipimo cha kulinganishia.

Baada ya siku moja hivi watafiti waliingiza katika kila himaya mvamizi wa bandia: dume ndani ya kizimba, pamoja na wimbo wa dume mgeni kutoka katika kinasa sauti. Madume waliodungwa maji ya chumvi walifanya kama ilivyotazamiwa. Walikuja, wakaimba, wakamrukia mgeni. Katika majira ya baridi, madume waliodungwa lipopolisakaridi walilegea: waliimba kidogo na hawakumkabili mvamizi kama wenzao. Hawakuwa na kijidudu hata kimoja cha kuwadhuru. Kinga yao wenyewe ndiyo iliyowanyamazisha.

Lakini jaribio hilohilo liliporudiwa wakati wa kuzaliana, mambo yalikuwa tofauti. Dalili zilikuwa hafifu, na madume waliilinda himaya karibu sawa na wenzao wazima. Kemikali ilikuwa ileile na ndege walikuwa wa aina ileile. Kilichobadilika ni majira.

Maana yake ni kwamba ubongo wa ndege haupokei tu amri ya kunyamaza, huipima. Wakati wa baridi, kupumzika siku chache hakumletei ndege hasara kubwa. Wakati wa kuzaliana, siku chache za ukimya zaweza kumpotezea jike, kiota na uzao wa mwaka mzima. Isitoshe, akiba ya mafuta mwilini ni ndogo wakati huo, hivi kwamba kukaa bila kula ni hatari. Basi ndege huahirisha ugonjwa, kama mkulima mwenye homa ajikazavyo kupanda kwa kuwa mvua imeshanyesha. Wala kuahirisha huko si bure: mwili usiopumzika huweza kushindwa na kijidudu ambacho ungeliweza kukishinda.

Hapa pwani hakuna baridi kali. Kuna masika, kati ya mwezi Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Na ndege wengi hujenga viota kwa kufuata mvua na wadudu wanaotokea nayo. Tena ndege wengi wa nchi za joto hulinda himaya zao mwaka mzima. Kwa hiyo mtu hawezi kuyachukua matokeo ya Washington na kuyabandika Kisarawe kama yalivyo. Shore wa Maneromango ana hesabu yake mwenyewe ya lini anyamaze na lini ajikaze.

MALARIA YA NDEGE

Magonjwa mengine hayamwui ndege upesi, bali hukaa mwilini kwa miezi au miaka. Mojawapo ni malaria ya ndege. Ronald Ross alipokuwa Calcutta, India, mwaka 1898, alifuatilia safari yote ya vimelea vya malaria ndani ya mbu kwa kutumia ndege wadogo, wala si binadamu. Mbu aliyehusika alikuwa wa jenasi ya Culex, si Anopheles aletaye malaria ya watu. Ieleweke kwamba malaria ya ndege haimpati binadamu.

Culex quinquefasciatus ni mbu maarufu sana pwani ya Afrika Mashariki. Huzaliana katika vyoo vya shimo na madimbwi ya maji machafu, na kwa binadamu hueneza matende. Mbu huyuhuyu alifika visiwa vya Hawaii kwa meli mwaka 1826. Malaria ya ndege nayo ilipofika huko baadaye, ndege wa asili, ambao miili yao haikupata kuijua, waliangamia kwa wingi. Misitu ya tambarare ikabaki kimya, na waliosalia wakawa hasa wa milimani penye baridi, ambako mbu ni haba.

Katika Afrika ndege na vimelea vyao wameishi pamoja kwa muda mrefu sana, na wengi huvibeba bila kufa. Lakini kubeba si sawa na kutodhurika. Mwaka 2005 Karen Spencer na wenzake huko Uingereza walitangaza jaribio walilofanya kwa kanari wachanga. Waliwaambukiza baadhi yao Plasmodium relictum, kimelea cha malaria ya ndege, katika umri wa kujifunza kuimba. Walipokuwa wakubwa, kanari hao waliimba nyimbo sahili kuliko wenzao, na sehemu mojawapo ya ubongo inayoongoza wimbo ilikuwa ndogo zaidi. Homa ya utotoni iliacha alama yake katika sauti ya utu uzima.

Ndiyo maana wimbo huaminiwa na wasikilizaji. William Hamilton na Marlene Zuk walipendekeza mwaka 1982 kwamba majike huchagua madume kwa ishara ambazo mgonjwa hawezi kuzighushi, kama manyoya yang'aayo na maonyesho ya nguvu. Mwaka 1990 Zuk na wenzake walilijaribu wazo hilo kwa kuku wa mwitu, wazazi wa kuku wetu wa kienyeji. Baadhi ya madume waliambukizwa minyoo ya utumbo wangali vifaranga. Walipokua, vilemba vyao vilikuwa vidogo na vilivyofifia, na majike waliwachagua madume wasio na minyoo kwa uwiano wa wawili kwa mmoja.

JOGOO NA MDONDO

Sasa mfugaji wa Mlandizi au Mzenga anaweza kuuliza: elimu hii yanisaidia nini? Jibu limo katika banda lake.

Jogoo huwika kwa saa iliyomo mwilini mwake. Wataalamu wa Japani, Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura, walionyesha mwaka 2013 kwamba majogoo waliofungiwa penye mwanga hafifu usiobadilika waliendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu siku moja, ingawa hawakuona mapambazuko. Mwaka 2015 wakaonyesha kwamba jogoo mwenye cheo cha juu kundini ndiye anayewika kwanza, na wengine humfuata kwa utaratibu wa vyeo vyao. Basi kuwika ni jambo la kila siku, la saa maalumu na mpango maalumu. Kitu chenye mpango namna hiyo kinafaa sana kuwa kipimo, kwa kuwa kikivurugika huonekana upesi.

Ugonjwa unaotisha zaidi katika mabanda ya vijijini ni mdondo, uitwao pia kideri. Huletwa na virusi. Ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, ambao uliupa jina la kimataifa. Kuku aliyeambukizwa hukaa siku kadhaa, kwa kawaida tano au sita, kabla ya dalili kuonekana. Kisha huzubaa, hupumua kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo au kupooza. Katika kundi lisilochanjwa waweza kufa karibu kuku wote. Hakuna dawa ya kuutibu. Kwa kaya ya kijijini hasara hiyo ni ada ya shule, ni mboga ya mgeni, ni akiba ambayo mama mwenye nyumba aliitunza mwenyewe.

Ukimya wa jogoo hautaji jina la ugonjwa. Tabia ya ugonjwa hufanana, awe na mdondo, ndui au minyoo mingi, kwa kuwa inatokana na kinga wala si na kijidudu. Lakini ukimya huo huweza kumwambia mfugaji kwamba vita vimeanza kabla hajaona kinyesi cha kijani. Hatua za kuchukua ni tatu. Kwanza, kumtenga kuku huyo na kutowauza wala kuwahamisha wengine, maana wagonjwa wanaopelekwa mnadani hueneza virusi kijiji hadi kijiji. Pili, kumwita mtaalamu wa mifugo. Tatu, kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika, kwa sababu virusi vya mdondo huweza kumletea mtu uvimbe wa macho, na kuku wagonjwa huweza kubeba maradhi mengine pia.

Kinga ya hakika ni chanjo kabla ya ugonjwa. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko zile za zamani, hutengenezwa hapa nchini, na taasisi ya serikali inayozalisha chanjo za mifugo ipo Kibaha. Hutolewa kwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Wanaochanjwa ni kuku wazima. Kuku ambaye tayari anaumwa hatapona kwa chanjo, kwa kuwa mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kujenga kingamwili za kutosha. Ndiyo sababu kungoja mpaka jogoo anyamaze ni kuchelewa kwa upande wake, ingawa si kuchelewa kwa upande wa jirani.

KUHESABU KWA SIKIO MSITUNI

Faida ya pili ni kwa watunza misitu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani. Ndani yake huishi ndege wasiopatikana mahali pengi duniani, kama vile Sheppardia gunningi, ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa anayependa kivuli cha chini ya miti. Kukatwa kwa miti kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam kumeipunguza misitu hiyo kwa miaka mingi.

Katika msitu mnene macho hayafai sana kwa kuhesabu ndege. Mtafiti husimama mahali palipopangwa, alfajiri, na kuandika kila sauti aisikiayo. Njia hii ni nzuri, lakini huhesabu waimbaji, si ndege wote. Ndege mgonjwa aliyenyamaza haingii katika hesabu. Na jirani aliyechukua himaya yake huenda akahesabiwa kama kwamba ndiye mwenyewe wa siku zote. Msitu unaweza kuonekana maskini kuliko ulivyo, au kuonekana haukubadilika ilhali wenyeji wake wamebadilika. Kwa hiyo hesabu ya siku moja haitoshi. Yapasa kurudi mahali palepale mara kadhaa, katika masika na katika kiangazi.

Tahadhari hiyo inahusu pia msikilizaji wa kawaida. Si kila ukimya ni ugonjwa. Ndege anyonyokaye manyoya ya zamani ili kuota mapya hupunguza kuimba. Alishaye makinda hana wasaa. Mvua, upepo mkali na kivuli cha mwewe hunyamazisha kichaka kizima. Mwanasayansi hatoi hukumu kwa alfajiri moja.

ZOEZI LA DARASA

Zoezi hili laweza kufanywa na shule yoyote ya Pwani kwa saa, daftari na penseli. Hakuna ndege anayekamatwa wala kudungwa.

1. Kila mwanafunzi achague jogoo mmoja anayemfahamu, na shore mmoja anayeimba karibu na nyumba.

2. Kwa siku 14 mfululizo, kuanzia saa 11.30 alfajiri, ahesabu kwa dakika 15 mara ambazo jogoo amewika. Kisha ahesabu nyimbo za shore kwa dakika 15 nyingine.

3. Kila siku aandike hali ya hewa, na kama jogoo alikula, alitembea na alikuwa na kilemba chekundu.

4. Atafute wastani wa siku saba za kwanza. Huo ndio kipimo cha jogoo huyo peke yake. Asimlinganishe na jogoo wa jirani, kwa kuwa vyeo vyao havifanani.

5. Achore grafu ya siku zote 14, na azitie alama siku zilizoshuka chini ya nusu ya wastani. Kwa kila siku kama hiyo aeleze sababu zinazowezekana, akianza na zile zisizohusu ugonjwa.

6. Ikiwa kijiji kina ratiba ya kuchanja kuku, hesabu ifanywe wiki moja kabla na wiki moja baada ya chanjo. Darasa lijadili kama badiliko lolote lililoonekana lafanana na lile la ndege wa Washington.

MASWALI

1. Kwa nini watafiti wa Washington walitumia lipopolisakaridi badala ya bakteria hai? Kundi lililodungwa maji ya chumvi lilikuwa na kazi gani?

2. Katika jaribio la Krebs, vipaza sauti vya filimbi viliwekwa kwa sababu gani? Hitimisho lingedhoofika vipi kama visingekuwapo?

3. Ndege A hulinda himaya mwaka mzima. Ndege B huilinda wakati wa mvua tu. Wote wawili wakiugua wakati wa kiangazi, ni yupi atakayepoteza zaidi kwa kunyamaza? Toa sababu.

4. Mfugaji anasema: "Jogoo wangu amenyamaza, basi ana mdondo." Sahihisha kauli hiyo, kisha umshauri la kufanya.

5. Mtafiti alisikia shore 20 katika kituo kimoja cha msitu wa Kazimzumbwi wakati wa masika, na 9 katika kituo hichohicho wakati wa kiangazi. Taja sababu tatu, mbali na vifo, zinazoweza kueleza tofauti hiyo, na useme namna ya kuipima kila moja.